Mwongozo Kamili: Kuhesabu Vipindi vya Uchakavu wa Mali kwa Fomula za Lahajedwali

Maswali yanayonifikia kuhusu uchakavu, yaani kugawa gharama ya mali katika muda wa matumizi yake, karibu yote yana sura moja. Mtu ameandika SLN, fomula ya uchakavu ulio sawa kila kipindi, jibu la mwaka mzima limetoka sawa, halafu mambo yanaharibika. Mwaka wa kwanza umebeba miezi 12 ilhali mashine ilianza kazi Machi. Mali iliyokwisha muda wake miaka miwili nyuma bado inachakaa. Thamani ya vitabuni, yaani gharama ukitoa uchakavu uliokwisha hesabiwa, imeshuka chini ya sifuri. Ukifuatilia, unakuta fomula ya fedha haina kosa lolote. Kilichokosewa ni idadi ya miezi.

Kwa hiyo tutaanza na miezi, na fedha zitafuata baadaye. Miezi ikishakaa sawa kwenye safu yake, kinachobaki ni kuzidisha na kugawanya.

## Vitu vya kuwa navyo

Programu: Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc, yoyote kati ya hizo. Fomula za hapa zinafanya kazi kwenye zote tatu, ila LibreOffice kwa mpangilio wake wa kawaida inataka nukta badala ya alama ya mshangao baada ya jina la laha: Vigezo.$B$1 pale penye Vigezo!$B$1. Kama kompyuta yako inatumia mkato kuonyesha desimali, tenganisha sehemu za fomula kwa nukta mkato (;) badala ya mkato (,).

Kwa kila mali uwe na:

- tarehe ilipokuwa tayari kutumika
- gharama yake
- thamani ya mabaki, yaani kiasi unachotarajia kupata mwisho wa matumizi
- muda wa matumizi
- tarehe ya kuuzwa au kuondolewa, kama imeshaondoka

Angalia hiyo tarehe ya kwanza vizuri. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IAS 16, uchakavu huanza mali inapokuwa mahali pake na katika hali ya kuweza kutumika. Tarehe ya ankara au ya malipo haihusiki. Mashine iliyolipiwa Januari na kufungwa Machi inaanza kuchakaa Machi, hata kama itakaa bila kazi hadi Mei. Ardhi kwa kawaida haichakazwi, kwa hiyo usiiingize humu. Jengo na kiwanja vikinunuliwa pamoja, tenganisha gharama zake kwanza.

Kitu cha mwisho ni uamuzi: mwezi wa kuanza unahesabika mzima au hauhesabiki? Taasisi nyingi hufuata moja kati ya kanuni mbili:

1. Mwezi wa kuanza huhesabiwa wote, na mwezi wa kuondolewa hauhesabiwi.
2. Mwezi wa kuanza hauhesabiwi, na mwezi wa kuondolewa huhesabiwa wote.

Chagua moja, iandike mahali, uitumie kwa mali zote. Mimi nitafuata ya kwanza na nitaonyesha pa kubadilisha kwa wanaofuata ya pili. Kuchanganya kanuni hizi mbili ndani ya daftari moja kunazaa tofauti ndogondogo ambazo mkaguzi ataziona kabla yako.

Mfano wetu ni mashine iliyokuwa tayari tarehe 17/03/2023, gharama 10,000, mabaki 1,000, muda wa matumizi miezi 48.

## Hatua ya 1: Tengeneza laha ya vigezo

Fungua laha mpya uiite Vigezo. Kwenye B1 andika siku ya kwanza ya kipindi unachofungia hesabu, kwa mfano 01/01/2025. Kwenye B2 weka fomula ya kusogeza tarehe hiyo mbele miezi 12, kisha kurudi siku moja:

=EDATE(B1,12)-1

B2 inapaswa kuonyesha 31/12/2025. Ukiona 46022 badala ya tarehe, hesabu ni sahihi, ila seli inaonyesha namba ghafi; badilisha mwonekano wake uwe wa tarehe.

Sababu ya kuweka vigezo peke yake ni kwamba mwaka ukigeuka utabadilisha seli moja tu. Anayeandika 2025 ndani ya kila fomula atazihariri zote mwakani, na kuna moja ataisahau. Mwaka wako wa hesabu ukianza Julai, andika 01/07 kwenye B1 na mengine yatajipanga. Ukitaka uchakavu wa mwezi mmoja, weka 1 pale penye 12.

## Hatua ya 2: Panga laha ya mali

Laha ya pili iite Mali. Mstari wa kwanza ni wa vichwa:

- A: namba ya mali
- B: jina
- C: tarehe ya kuwa tayari
- D: gharama
- E: thamani ya mabaki
- F: muda wa matumizi kwa miezi
- G: tarehe ya kuondolewa (iache tupu kama mali bado ipo)

Safu A hadi G ni za kuandika kwa mkono, na kuanzia H zote ni fomula. Zipe rangi mbili tofauti tangu sasa ili mtu asije akaandika namba juu ya fomula.

Safu F iwe kwa miezi, hata kama sera yako inataja miaka. Miaka 4 iandike 48. Sera ikitaja asilimia kwa mwaka katika njia ya mstari nyooka (uchakavu ulio sawa kila mwezi), gawanya 12 kwa asilimia hiyo: 12.5% ni miezi 96, 30% ni miezi 40. Kwa 33.33% utapata 36.0036, kwa hiyo zungusha kwa =ROUND(12/33.33%,0). Ukiacha vipande vya mwezi kwenye F, jumla ya mwisho haitafunga.

## Hatua ya 3: Hakikisha tarehe ni tarehe

Usiruke hatua hii hata kama safu C inapendeza macho. Lahajedwali huhifadhi tarehe kama namba ya siku. 01/01/2025 ndani ya Excel ni 45658. Tarehe iliyonakiliwa kutoka programu nyingine mara nyingi huingia kama maandishi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kwenye safu tupu pembeni andika:

=ISNUMBER(C2)

Shusha hadi mstari wa mwisho. Kila penye FALSE, andika tarehe upya kwa mkono.

TRUE nayo haimalizi kazi. 03/04/2025 inaweza kuwa tarehe 3 Aprili au Machi 4, kutegemea mpangilio wa kompyuta, na programu itaipokea bila kulalamika. Badilisha mwonekano wa safu nzima uonyeshe jina la mwezi, halafu pitia mistari kadhaa ukilinganisha na hati zake. Dalili ya wazi ni hii: tarehe zenye siku ya 13 kwenda juu zimegeuka maandishi, na zile za 1 hadi 12 zimekubaliwa. Ukiikuta, basi hata hizo zilizokubaliwa zina siku na mwezi vilivyobadilishana nafasi.

## Hatua ya 4: Tafuta mwanzo na mwisho wa uchakavu

Kwenye H2, mwanzo wa kuhesabu:

=EOMONTH(C2,-1)+1

Fomula inakwenda siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia, kisha inaongeza siku moja. 17/03/2023 inakuwa 01/03/2023. Wa kanuni ya pili waweke 0 badala ya -1, nao watapata 01/04/2023.

Kwenye I2, mwisho wa kuhesabu:

=IF(G2="",EDATE(H2,F2)-1,MIN(EDATE(H2,F2)-1,EOMONTH(G2,-1)))

Kwa maneno: kama mali haijaondolewa, mwisho ni pale muda wa matumizi unapokwisha. Kama imeondolewa, chukua tarehe inayotangulia kati ya mwisho wa muda na mwisho wa mwezi uliotangulia kuondolewa. Kanuni ya pili tena inadai 0 badala ya -1 kwenye EOMONTH hii. Ukibadilisha H na kuisahau I, kila mali inayouzwa kabla ya muda wake itapungukiwa na mwezi mmoja.

Mashine yetu isome 01/03/2023 na 28/02/2027. Safu H yote iwe na tarehe 1 za mwezi, na safu I yote tarehe za mwisho wa mwezi. Ukiona kumi na tano popote, kuna mtu ameandika juu ya fomula.

## Hatua ya 5: Hesabu miezi

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mara nyingi chanzo ni DATEDIF. Inavutia kwa sababu ni fupi. Lakini DATEDIF huhesabu miezi iliyotimia kati ya tarehe mbili, wala haihesabu miezi mingapi imeguswa. Kutoka 01/03/2023 hadi 31/12/2023 inatoa 9, ingawa Machi hadi Desemba ni miezi 10. Kutoka 31/01/2025 hadi 28/02/2025 inatoa 0. Na tarehe ya mwanzo ikiwa mbele ya ile ya mwisho, inatoa #NUM!, jambo litakalotokea kwa kila mali ambayo haikuwepo mwanzo wa mwaka.

YEARFRAC nayo ina mtego wake. Usipoiambia vinginevyo, inahesabu kila mwezi kuwa na siku 30 na mwaka siku 360, kisha inakupa sehemu ya mwaka yenye desimali ndefu. Kwa miezi kamili haikufai.

Tumia hesabu ya kawaida: tofauti ya miaka mara 12, jumlisha tofauti ya miezi. Haigombani na tarehe za mwisho wa mwezi, na ikitoka hasi tunaizuia wenyewe.

J2, jumla ya miezi inayoruhusiwa:

=MAX(0,(YEAR(I2)-YEAR(H2))*12+MONTH(I2)-MONTH(H2)+1)

K2, miezi iliyokwisha hesabiwa kabla ya kipindi hiki:

=MAX(0,MIN(J2,(YEAR(Vigezo!$B$1)-YEAR(H2))*12+MONTH(Vigezo!$B$1)-MONTH(H2)))

L2, miezi hadi mwisho wa kipindi hiki:

=MAX(0,MIN(J2,(YEAR(Vigezo!$B$2)-YEAR(H2))*12+MONTH(Vigezo!$B$2)-MONTH(H2)+1))

M2, miezi ya kipindi hiki:

=L2-K2

MIN inaweka dari: mali haiwezi kupita miezi yake hata ukifungua daftari miaka 20 baadaye. MAX inaweka sakafu: mali itakayoanza mwakani inapata 0 badala ya namba hasi. Alama za $ zinazuia B1 na B2 zisihame unapoishusha fomula.

Msomaji makini ataona K haina +1 mwishoni ilhali L inayo. Ni kwa makusudi. B1 ni siku ya kwanza ya mwezi ambao bado haujahesabiwa, B2 ni siku ya mwisho ya mwezi uliokwisha. Ukiweka +1 kwenye zote mbili, Januari itahesabiwa kuwa imekwisha kabla haijaanza, na mwaka wa kati wa kila mali utasoma miezi 11.

Kwa mashine yetu, kipindi cha 2025, utegemee J = 48, K = 22, L = 34, M = 12.

Sera yako ikitaka siku badala ya miezi, achana na safu hizi. Weka C2 kama mwanzo, na mwisho wa uchakavu uwe =EDATE(C2,F2)-1. Siku za kipindi zitakuwa:

=MAX(0,MIN(mwisho wa uchakavu,Vigezo!$B$2)-MAX(C2,Vigezo!$B$1)+1)

Pale penye maneno weka seli yenye tarehe hiyo. Kwa mwaka 2023 mashine itapata siku 290 kati ya 1,461, sawa na uchakavu wa 1,786.45. Binafsi naona miezi inatosha kwa mali nyingi. Siku zinaongeza kazi ya kukagua bila faida inayolingana nayo.

## Hatua ya 6: Geuza miezi kuwa fedha

N2, uchakavu limbikizi (jumla ya uchakavu tangu mali ianze) mwanzoni mwa kipindi:

=ROUND((D2-E2)*K2/F2,2)

O2, uchakavu limbikizi mwishoni:

=ROUND((D2-E2)*L2/F2,2)

P2, uchakavu wa kipindi:

=O2-N2

Q2, thamani ya vitabuni:

=IF(OR(C2>Vigezo!$B$2,AND(G2<>"",G2<=Vigezo!$B$2)),0,D2-O2)

Zingatia P2. Uchakavu wa kipindi unapatikana kwa kutoa limbikizi mbili, hatuzidishi kiwango cha mwezi kilichozungushwa. Chukua mali ya 10,000 isiyo na mabaki, miezi 36. Kwa mwezi ni 277.78 baada ya kuzungusha. Zidisha mara 36, unapata 10,000.08: umechakaza zaidi ya gharama. Kwa kutoa limbikizi, tofauti za senti zinajirekebisha zenyewe na mwezi wa mwisho unafunga sawasawa.

Na SLN je? =SLN(10000,1000,48) inatoa 187.50, uchakavu wa mwezi mmoja, na ni sahihi. Ila haijui tarehe yoyote: haijui mashine ilianza lini wala itakoma lini. Itumie kuhakiki, kwa mfano 187.50 mara 12 ni 2,250, na P2 lazima iwe hivyo hivyo.

Kwa 2025 mashine isome N = 4,125, O = 6,375, P = 2,250, Q = 3,625.

## Hatua ya 7: Lijaribu jedwali kabla ya kuliamini

Badilisha B1 ya Vigezo mwaka mmoja mmoja, ukiandika pembeni M2 na P2:

- 2022: miezi 0, uchakavu 0
- 2023: miezi 10, uchakavu 1,875
- 2024: miezi 12, uchakavu 2,250
- 2025: miezi 12, uchakavu 2,250
- 2026: miezi 12, uchakavu 2,250
- 2027: miezi 2, uchakavu 375
- 2028: miezi 0, uchakavu 0

Miezi ijumlike 48 na uchakavu 9,000. Ile miaka miwili ya pembeni, 2022 na 2028, ina uzito kuliko ya katikati, kwa sababu ndiko fomula mbovu hujifichua.

Halafu weka tarehe kwenye G2, tuseme 10/08/2025, urudishe B1 kwenye 01/01/2025. M2 inapaswa kushuka hadi 7, Januari hadi Julai, na Q2 isome 0. Faida au hasara ya kuuza utaipata kwa kutoa D2-O2 kwenye fedha ulizopokea. Ukimaliza, futa G2.

## Muda wa matumizi ukibadilishwa katikati

IAS 16 inataka muda wa matumizi na thamani ya mabaki viangaliwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa hesabu, na mabadiliko yake yanaathiri miaka ijayo tu. Hapa kuna kosa ambalo jedwali halitakuonya.

Tuseme mwanzoni mwa 2026 mmeamua mashine ina miezi 24 mbele yake, badala ya 14 iliyobaki. Ukienda kwenye F2 na kubadilisha 48 kuwa 58, limbikizi ya mwisho wa 2025 inageuka ghafla kutoka 6,375 kuwa 5,275.86. Umeandika upya hesabu zilizokwisha kufungwa, na salio la mwanzo halitalingana na taarifa ya mwaka jana.

Fanya hivi. Usiguse F2. Weka 01/01/2026 kwenye G2 ili mstari wa zamani ukome Desemba 2025. Ongeza mstari mpya wenye namba ile ile ya mali pamoja na herufi, kwa mfano 014-B: tarehe 01/01/2026, gharama 3,625, mabaki 1,000, miezi 24. Kwa 2026 utapata 1,312.50, nusu kamili ya 2,625. Wa kanuni ya pili watumie 31/12/2025 kwenye seli zote mbili.

Tahadhari moja: unapojumlisha safu D kwa ajili ya gharama za mali, mistari yenye B isihesabiwe, la sivyo mashine itaonekana imenunuliwa mara mbili.

## Kwa wanaotumia salio linalopungua

Katika njia hii kila kipindi kinachakaza sehemu ya thamani iliyobaki, kwa hiyo uchakavu ni mkubwa mwanzoni. Miezi ya K na L bado inafaa. Fomula ya VDB inapokea kipindi cha kuanzia na cha kuishia, kwa hiyo weka kwenye P2:

=IF(L2=K2,0,VDB(D2,E2,F2,K2,L2))

Safu N na O nazo zibadilike: N2 iwe VDB kutoka 0 hadi K2, O2 kutoka 0 hadi L2, zote zikiwa na kinga ile ile ya IF pale miezi ni 0. VDB hutumia kiwango maradufu ya kile cha mstari nyooka usipotaja kingine, na huhamia mstari nyooka pale njia hiyo inapotoa uchakavu mkubwa zaidi. Fahamu kwamba hapa inakokotoa mwezi kwa mwezi, hivyo haitalingana na jedwali linalokokotoa mara moja kwa mwaka.

DB, fomula nyingine ya salio linalopungua, inakwenda kwa miaka na ina nafasi ya miezi ya mwaka wa kwanza. =DB(10000,1000,4,1,10) inatoa 3,650, na kwa mwaka wa pili =DB(10000,1000,4,2,10) inatoa 2,781.30. Mwaka wa kwanza ukiwa pungufu, miaka inakuwa 5 badala ya 4, kwa hiyo usisahau wa tano. Na usiipe mabaki ya 0: kiwango chake kitakuwa 100%, maana hutokana na uwiano wa mabaki kwa gharama.

## Ukiona hivi, angalia pale

#NUM! kwenye H: C ni tupu. Ongeza IF(C2="","",…) kuzunguka kila fomula ya mstari huo, au usishushe fomula kupita mstari wa mwisho wenye mali.

#VALUE!: tarehe ni maandishi. Rudi hatua ya 3.

#DIV/0! kwenye N: F haijajazwa.

Namba kama 44986 kwenye H: ni 01/03/2023 iliyokosa mwonekano wa tarehe.

Tarehe zote zimeruka karibu miaka minne: faili limetoka kwenye kompyuta inayoanza kuhesabu siku mwaka 1904 badala ya 1900. Tofauti ni siku 1,462. Rekebisha mpangilio wa faili kabla ya kunakili chochote, usianze kuhariri tarehe moja moja.

Uchakavu wa P ni hasi: mabaki yamezidi gharama, au D na E zimeandikwa kinyume.